Mfalme wa Vumbi Alipokwenda Kujifunza Upya Kwenye Lami

Siku hizi kila mtu ana GOAT wake. Mpira una wake, muziki una wake, hata kijiweni kuna chalii wa bodaboda anajiita hivyo. Ila kwenye motokrosi, zile pikipiki nyembamba zinazoruka matuta ya udongo kama panzi, jina hilo lina mwenyewe na mjadala wake ni mfupi sana. Anaitwa Ricky Carmichael, mzaliwa wa Clearwater, Florida, mwaka 1979.

Cheki hesabu zake kwanza, ndiyo utaelewa kwa nini kilichofuata kiliuma. Ligi ya motokrosi ya Marekani ilikuwa na vituo 12, kila kituo mbio mbili, jumla mbio 24 kwa msimu. Mwaka 2002 Carmichael alishinda zote 24. Ndiyo, zote, hakuna hata moja aliyomwachia mtu. Ungesema basi, hiyo ni bahati ya mara moja maishani. Mwaka 2004 akarudia: 24 kwa 24. Alipomaliza kazi alikuwa na mataji 15 ya taifa na ushindi 150. Kipindi chake, mabingwa wenye heshima zao kabisa walikuwa wanaamka Jumapili kwenda kugombea nafasi ya pili.

Na kilichowavutia watu ni kwamba jamaa hakuwa na mwili wa kuweka kwenye bango. Mfupi, mwekundu wa nywele, mwanzoni hata alikuwa na kanyama kidogo. Alipoingia supakrosi, ile ya ndani ya viwanja vikubwa yenye matuta ya kubana na kona za ghafla, alihangaika sana miaka ya 1999 na 2000. Alianguka, alichoka, watu wakaanza kusema huyu ni wa mashambani tu, uwanjani hawezi. Akamchukua kocha wa mazoezi kutoka Afrika Kusini, Aldon Baker, mtu aliyetokea kwenye mbio za baiskeli, wakabadilisha kila kitu: chakula, usingizi, saa za kupiga pedali. Mwaka 2001 akarudi akashinda 14 kati ya mbio 16 za supakrosi na kumng'oa Jeremy McGrath, mfalme wa viwanja mwenye mataji saba. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha ya Carmichael. Kazi. Wengine walikuwa na staili ya kupendeza kuliko yeye, lakini dakika ya 25, jua la Julai linawaka na mikono imekufa ganzi, yeye ndiyo kwanza anaongeza gia.

Mwaka 2007 akasema imetosha. Ana miaka 27.

Kwa mtu anayefuatilia mpira hapo ndipo mchezaji anaingia kwenye miaka yake mizuri, kwa hiyo unaweza kujiuliza haraka ya nini. Ila motokrosi inakula mwili vibaya. Viganja, mabega, magoti, mgongo, vyote vinalipa. Na mtu aliyeanza mashindano akiwa na miaka mitano, akiwa na 27 ameshafanya kazi miaka 22. Kwa hiyo unakuta mtu ana pesa, ana jina, ana hamu ya kushindana bado imejaa kifuani, na ana miaka 40 mbele ambayo hajui aifanyie nini. Wengi wanafungua shule ya pikipiki, wengine wanauza helmeti. Carmichael akataka kuendesha gari la mashindano. Na akachagua sehemu ngumu kuliko zote: NASCAR.

Kwa asiyeijua, NASCAR ni zile mbio za Kimarekani za magari kuzunguka uwanja wa lami wenye umbo la yai, magari 30 au 40 yamebanana, mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa kwenye viwanja vikubwa. Huku kwetu wengi wanaiona kwenye klipu wanacheka: si wanakata kushoto tu? Ndiyo, wanakata kushoto. Na ni moja ya vitu vigumu zaidi ambavyo binadamu amevibuni akiwa amekaa kwenye kiti. Ina ngazi tatu. Juu kabisa kuna ligi ya Kombe, chini yake ligi ya pili, na ya tatu ni ya pikapu. Huwezi kuamka tu ukaingia juu hata kama wewe ni nani.

Safari yake ilianza na gundu. Alisajiliwa kama mwanafunzi wa timu iliyoitwa Ginn Racing, ambako mkongwe Mark Martin alikuwa dereva na akachukua jukumu la kumwelekeza. Mwalimu bora kuliko huyo ungempata wapi? Lakini kufika Julai 2007 Ginn ilikuwa imeishiwa, ikamezwa na timu nyingine. Mwanafunzi akabaki na begi lake. Akaenda kwa mkongwe mwingine, Ken Schrader, dereva anayejulikana kwa kuendesha chochote chenye magurudumu, popote, hata katikati ya wiki. Mwaka 2008 Carmichael akawa anashindana kwenye ligi ndogo ya kanda ya mashariki, viwanja vifupi, majukwaa madogo, dhidi ya vijana ambao wengine hata umri wa kunywa bia Marekani walikuwa hawajafikisha.

Hebu fikiria hilo kidogo. Miaka mitatu nyuma unajaza viwanja vya watu elfu sitini. Sasa unapigwa na dogo wa miaka 17 ambaye baba yake ndiye anabadilisha tairi. Wengi wenye jina kama lake wangetafuta sababu ya kuondoka wiki ya pili. Yeye alikaa.

Mwaka 2009 akapanda ligi ya pikapu, kwenye timu ya Kevin Harvick, pikapu namba 4 yenye rangi za kinywaji cha Monster. Mwaka huo hakukimbia msimu mzima. 2010 na 2011 akaendelea na namba ile ile chini ya timu ya Turner. Matokeo? Kuna siku aliingia kumi bora. Kuna siku alikuwa na kasi kabisa hadi watu wakageuka kuangalia. Kuna siku nyingi aliishia katikati ya kundi, au ukutani. Ushindi: sifuri. Mtu wa 24 kwa 24, kwenye lami hakuwahi kushinda hata mara moja.

Hapo wazee wa kubeza walipata kazi. Na visingizio havikuwa vingi, kwa sababu kulikuwa na kipimo kibaya sana pembeni yake. Kwenye timu hiyo hiyo ya Harvick mwaka 2009 kulikuwa na dereva anaitwa Ron Hornaday. Mzee. Mwaka huo alitimiza miaka 51. Pikapu za karakana ile ile, mafundi wa paa moja, injini za familia moja. Hornaday alishinda mbio tano mfululizo na kuchukua ubingwa, wa nne kwake. Kwa hiyo huwezi kusema chombo kilikuwa kibovu. Chombo kilikuwa cha ubingwa.

Sasa kwa nini? Swali hili ni zuri kuliko kicheko, maana jibu lake linafichua pikipiki na gari vinataka nini hasa kwa mtu.

Pikipiki ya motokrosi ina uzito kama wa kilo 110. Mpanda pikipiki na gia zake zote anakaribia uzito huo huo. Maana yake mwili wako ni nusu ya chombo. Ukisogeza nyonga nyuma, tairi la nyuma linapata mshiko. Ukiegemeza goti, kona inabadilika. Ukikosea hewani, unaweza kukanyaga breki ya nyuma ili pua ishuke, au kufungua mafuta ili ipande. Kila kosa lina dawa, na dawa iko kwenye miguu na mikono yako. Ukichoka kuliko mwenzako umekwisha, na hapo ndipo Carmichael alipokuwa anawamaliza.

Pikapu ya NASCAR ina zaidi ya tani moja na nusu, na wewe umefungwa mikanda kama mtoto kwenye kiti chake. Huwezi kuegemea popote. Ukisogeza nyonga haijui. Nguvu ya mapafu yako, ambayo uliitafuta kwa miaka kwa kupiga pedali milimani, inakusaidia kuvumilia joto la ndani, basi. Gari linarekebishwa kabla ya kona na siyo ndani ya kona: upepo wa tairi, springi, kipande cha mpira kinachowekwa kwenye springi au kutolewa wakati wa kusimama. Na wa kurekebisha siyo wewe, ni fundi mkuu aliyesimama ukutani, naye anajua tu kile unachomwambia kwenye redio. Kwa hiyo dereva mzuri wa NASCAR ni mtu wa maneno pia. Lazima uweze kusema: nikiingia kona pua inakataa kugeuka, katikati iko sawa, nikitoka mkia unateleza. Usipojua kutofautisha, fundi anakurekebishia ugonjwa ambao huna. Hornaday alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kujua lugha hiyo. Carmichael alikuwa na kamusi ya kurasa tatu.

Halafu kuna upepo, kitu kisichoonekana kabisa. Kwenye udongo unaiona njia: mfereji huu una maji, ule ni mkavu, tuta lile limebomoka upande wa kulia. Macho ya Carmichael yalikuwa na kipaji cha kusoma ardhi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwenye lami, kinachokuangusha ni hewa. Gari la mbele linakunyima hewa ya kukubana chini, ghafla pua inakuwa nyepesi. Gari la pembeni likisogea sentimita chache karibu na bampa lako la nyuma, mkia unaachia bila mtu kukugusa. Hakuna cha kuona. Unakisikia tu kwenye makalio, na kwa wanaoanza kati ya 27 na 30, makalio huchelewa kuelewa. Wenzake walianza na magari madogo ya kati tangu chekechea, kama yeye alivyoanza na pikipiki.

Kuna na jambo la pesa, ambalo halipendezi lakini lipo. Kiti cha NASCAR kinalipiwa. Monster walikuwa nyuma ya Carmichael kwa sababu ya jina lake la udongoni, na jina hilo ndilo lililomfungulia mlango ambao vijana wengi wenye kasi zaidi yake waligonga mpaka wakachoka. Je, ni haki? Kiukweli si haki, lakini ndivyo mchezo ule ulivyo, na ni pesa hizo hizo ambazo zikigeuza mgongo hukai hata wiki. Baada ya 2011 hakukimbia tena msimu mzima.

Kama hadithi ingeishia hapo ungesema basi, watu wa pikipiki wakae kwenye pikipiki zao. Ila kuna mwenzake.

Mwaka 2000, Marekani ilipeleka timu ya watu watatu Ufaransa kwenye motokrosi ya mataifa, ile ambayo kila nchi inaleta wababe wake. Walishinda. Mmoja wa hao watatu alikuwa Carmichael. Mwingine alikuwa mtoto wa miaka 16 kutoka Maryland anaitwa Travis Pastrana. Mwaka huo huo Pastrana alichukua ubingwa wa taifa wa daraja la 125. Kama Carmichael alikuwa mtu wa kazi, Pastrana alikuwa mtu wa wazimu. Alipokuwa na miaka 14 alikosea kuruka, uti wa mgongo ukaachana na nyonga. Akapona, akarudi. Mwaka 1999 kwenye michezo ya X Games alimaliza onyesho lake kwa kuirusha pikipiki baharini, San Francisco. Mwaka 2006 akapiga sarakasi mbili za nyuma angani na pikipiki, kitu ambacho wengi waliamini kinaua.

Huyu naye aliingia kwenye magari. Lakini alianzia kwenye rali, kwenye changarawe, matope na theluji. Na tazama: bingwa wa rali ya Marekani mara nne mfululizo, 2006 hadi 2009.

Siku iliyotangaza jina lake kwenye magari ni ya Agosti 2006, Los Angeles, X Games walipoweka rali kwa mara ya kwanza. Mpinzani wake wa mwisho alikuwa Colin McRae. Mashabiki wa Kenya hawahitaji kuelezwa huyo ni nani. Mskoti aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1997, 1999 na 2002, bingwa wa dunia wa 1995, mtu ambaye jina lake liko kwenye gemu za magari zilizochezwa kwenye vibanda vya PlayStation kuanzia Nairobi hadi Dar. McRae alikuwa mbele. Kona za mwisho zikaingia ndani ya uwanja, kuna tuta la kuruka. Subaru yake ikaruka, ikatua vibaya, ikabingirika, ikasimama tena kwa magurudumu yake. Na McRae, kwa sababu ni McRae, akaendelea kukanyaga mpaka mwisho. Akakosa dhahabu kwa chini ya sekunde moja. Pastrana akashinda. Watu walikumbuka zaidi kubingirika kuliko mshindi, na hilo halina ubaya wowote. Mwaka uliofuata McRae alifariki kwenye ajali ya helikopta.

Ona sasa tofauti. Kwenye rali Pastrana alikuwa anasoma ardhi, kitu alichokijua tangu ana miaka minne. Tairi linateleza? Hilo siyo tatizo, ndiyo hali ya kawaida. Gari liko hewani? Nyumbani kabisa. Stéphane Peterhansel wa Ufaransa alifanya vilevile kwenye Dakar: alishinda mara sita kwa pikipiki, akahamia gari, akashinda mara nane. Rick Johnson, bingwa wa motokrosi wa miaka ya 80 ambaye kifundo cha mkono kilimaliza kazi yake mapema, alipata maisha ya pili kwenye pikapu za udongo na akabeba ubingwa huko. Udongo unamkumbuka mtu wake hata akibadilisha chombo.

Halafu Pastrana naye akaiona lami akaitamani. Ilikuwa aanze kwenye ligi ya pili ya NASCAR mwishoni mwa Julai 2011. Siku mbili kabla, kwenye X Games, akavunjika kifundo cha mguu akijaribu sarakasi ya pikipiki. Mtu wa kawaida angelala. Yeye wikendi hiyo hiyo akawekewa vifaa vya kuendeshea gari kwa mikono, akaingia kwenye mbio za ralikrosi na mguu umefungwa. NASCAR ikasubiri hadi 2012. Mwaka 2013 akapata msimu mzima kwenye timu kubwa ya Roush, Ford namba 60. Talladega, moja ya viwanja vyenye kasi zaidi, alianza wa kwanza kwenye mstari. Wiki nyingine alikuwa anaokota vipande vya gari lake. Alimaliza wa 14 kwenye msimamo, bila ushindi, na msimu ulipoisha akaaga, kwani matokeo yalikuwa madogo na wadhamini ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo wawili waliosimama pamoja Ufaransa mwaka 2000, mmoja mtu wa nidhamu na mwingine mtu wa wazimu, wamefika mlango ule ule kwa njia tofauti na wote wakapewa jibu moja. Hiyo inamtoa Carmichael kwenye shutuma nyingi. Tatizo halikuwa juhudi zake, wala umri wa mwili wake, wala ubishoo. Lami ile ina lugha yake na inataka uanze kuiongea ukiwa mdogo.

Pastrana alirudi kwenye changarawe na kuchukua tena ubingwa wa rali wa Marekani 2021. Carmichael naye alirudi kwenye vumbi, ila kwa upande wa pili wa ukuta. Akaingia ubia wa timu na Carey Hart, na mwaka 2016 dereva wao Ken Roczen akawapa ubingwa wa taifa wa motokrosi. Akawa sauti ya kuchambua supakrosi kwenye televisheni, na ukimsikiliza utagundua kitu: anaeleza vizuri sana. Anasema tairi limefanya nini, kwa nini, na wapi mpanda pikipiki angepita. Pengine ile miaka ya kuongea na fundi mkuu kwenye redio haikwenda bure yote.

Februari 2023, Pastrana akiwa na miaka 39, alipata gari kwa siku moja tu: Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, ligi ya juu kabisa. Alifuzu kwa muda wake mwenyewe, bila kubebwa na mtu, na akamaliza wa 11. Alishuka akicheka kama mtoto.

Ndani ya wiki mbili, malori yakamwaga udongo kwenye uwanja ule ule wa Daytona, mbele ya jukwaa kuu, kati ya lami na nyasi, kwa ajili ya supakrosi ya Machi. Mchoro wa njia, kila tuta na kila kona, ulikuwa wa Ricky Carmichael. Amekuwa akiuchora tangu 2008.